Majabali Meusi ya Sudbury

Tulipofika Sudbury, mji wa migodi katika jimbo la Ontario nchini Kanada, macho yetu yalivutwa kwanza na majabali. Weusi wake si wa maumbile. Ni alama ya moshi.

Shaba na nikeli zilionekana hapa mwaka 1883, reli ilipokuwa ikijengwa. Kwa miaka mingi mawe ya madini yalichomwa uwanjani juu ya marundo makubwa ya kuni. Moshi wake wa salfa uliiua misonobari na kuujaza udongo tindikali. Mvua ikauchukua udongo, ukabaki mwamba mtupu.

Mwaka 1978 wenyeji walianza kuitengeneza ardhi yao. Hawakuanza na miche. Wanafunzi na wafanyakazi waliopoteza kazi migodini walibeba magunia ya chokaa, wakainyunyiza vilimani kwa mikono ili kuiondoa tindikali, kisha wakatia mbolea na mbegu za nyasi. Ndipo miti ikapandwa. Leo imezidi milioni 10. Na yote hayo yalifaa kwa kuwa moshi wenyewe ulikuwa umepunguzwa.

Wanazuoni wetu hutufundisha kuwa katika masharti ya toba ni kuliacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na kumrudishia haki aliyedhulumiwa. Tukipita chini ya misonobari ile michanga, tuliona kwamba ardhi nayo ina haki, na haki hiyo hairudi ilhali dhuluma ingali ikiendelea.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana Yake. Amin.