Nyumba kuukuu ya duka: Soma hati kabla ya kutazama ukuta

Siku utakaposafiri kwa basi kutoka Nairobi kuelekea Mombasa, usisinzie upesi. Zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka jijini utafika Sultan Hamud, katika kaunti ya Makueni. Shuka hapo, nunua maji ya kunywa, kisha uelekee upande wa stesheni ya zamani ya reli.

Jina la mji huu ni la Sultani Hamoud wa Zanzibar, aliyeizuru reli mwaka wa 1898 ilipokuwa ingali ikijengwa. Reli ilipopita, wafanyabiashara wa Kihindi walifuata. Walifungua maduka Emali, Makindu na Kibwezi, na wengine wakafika hata Kitui mjini, ambako reli haikuwahi kufika.

Nyumba zao utazitambua bila kuonyeshwa. Mbele pana duka lenye baraza na nguzo; nyuma pana vyumba vya kulala na ua wa kupikia; juu ni mabati. Familia iliuza, ikala na kulala chini ya paa moja. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ilipowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi ya nchi, wengi walifunga milango na kuondoka. Maduka yakapata wenyewe wapya, au yakaachiwa popo na mchwa.

Mimi na mke wangu tuliipenda mojawapo. Kwa bei aliyotutajia mwenyewe, huko Nairobi huwezi kupata hata kiwanja cha kujengea choo. Tulikuwa na akiba ya miaka minane, na tayari tulikuwa tumekwisha kubishana kuhusu rangi ya milango.

Mzee mwenye nyumba alitukaribisha chai, akatoa hati kutoka kwenye sanduku la bati. "Someni, wanangu," akasema. Tukasoma. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu baba yake. Kiwanja chenyewe hakikuwa milki ya kudumu, bali kilikodishwa kutoka kwa serikali kwa miaka 99 kuanzia 1926. Hesabu mwenyewe, msomaji: muda huo uliisha 2025.

Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Wao hugonga ukuta kwa ngumi, wakausifu kuwa mnene, kisha wakalipa. Kumbe walichonunua ni mawe yaliyo juu ya ardhi ambayo muuzaji hana tena haki ya kuiuza! Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya arabuni. Ikiwa mwenye jina amefariki, warithi sharti wapate kwanza kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Na ikiwa muda wa kukodi umeisha, Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa aliyekuwa mpangaji kipaumbele cha kugawiwa tena ardhi hiyo, mradi awe raia wa Kenya na serikali iwe haiihitaji kwa matumizi ya umma. Kipaumbele hicho ni chake, si chako wewe mgeni mwenye pesa.

Hati zikiwa safi, sasa inua macho utazame paa. Tulimchukua fundi mzee, akapanda ngazi na kuchoma boriti kwa bisibisi. Chuma kikazama kama kisu katika ndizi mbivu. Mchwa! Kisha akatuonya kuhusu ukuta: mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa hupumua, na ukiyafunika kwa saruji tupu, unyevu hunaswa ndani na plasta ikabanduka. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Usikate tamaa lakini. Safari yetu iliendelea hadi Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Wasafiri wa kila dini hulala na kula humo bila malipo. Jengo hilo lina umri sawa na hati ya mzee wetu, na bado limesimama kwa kuwa halijawahi kukosa watu wa kulifagia.

Kutoka Kibwezi tulishika njia ya Mutomo hadi Kitui. Njiani tuliwapita punda wengi waliobeba mitungi ya maji, na hapo nikaelewa thamani halisi ya nyumba hizi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 150 za mraba, mvua ikiwa milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 90,000. Hata ukipoteza sehemu yake, ni maji mengi Ukambani. Kwa hivyo tengeneza paa, mifereji na tangi kwanza. Rangi ya milango itasubiri.

Je, tulinunua? La, bado. Mzee ameanza kushughulikia mirathi na ombi la kugawiwa ardhi upya, na pesa zetu zingali katika akiba. Kila akitupigia simu hutuambia kwamba mvua imenyesha na sebule imevuja. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaomba karatasi zifike kabla ukuta haujaanguka.