Meza ya Roboti White Plains

Ukibahatika kufika New York, msomaji, usiishie kutazama majumba marefu. Panda gari la moshi katika stesheni ya Grand Central, uelekee kaskazini hadi White Plains. Huko ipo hospitali ya Burke, ambako katika miaka ya 1990 waliopatwa na kiharusi walianza kufunzwa upya kunyoosha mkono na roboti iitwayo MIT-Manus, kazi ya Neville Hogan, Hermano Igo Krebs na wenzao wa chuo cha MIT.

Usitarajie mtu wa chuma! Utaona meza, mtaimbo wenye kishikio, na kioo cha tarakilishi. Mkono uliolegea hufungwa kwenye kishikio, mgonjwa akafuata alama kiooni. Akiweza, mashine humwachia. Akikwama, humwongoza polepole. Hurudia mamia ya mara katika kikao kimoja, nayo haichoki.

Hata hivyo, usikimbilie kuuza shamba umpeleke baba ng'ambo. Mwaka wa 2019 matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 770 nchini Uingereza yalitolewa. Waliotumia roboti hiyo mkono ulipata nafuu kidogo, lakini katika kuutumia kwa kazi, kama kuinua kikombe, hawakuwashinda waliopata matibabu ya kawaida.