Mchezo na Kweli ya Viumbe

Mtoto husahau upesi alichoambiwa, lakini hukumbuka siku nyingi kile mkono wake ulichotenda. Kwa hiyo mtengenezaji wa mchezo wa kompyuta ufundishao elimu ya viumbe amechukua amana kubwa kuliko ya mwandishi wa kitabu. Neno la kitabu likikosewa, mwalimu aweza kulisahihisha. Kanuni ya mchezo ikikosewa, mtoto huirudia mara mia kwa furaha, na uwongo ukaota mizizi.

Mwaka 2008 ilitolewa Marekani michezo miwili ifaayo kulinganishwa. Wa kwanza ni Spore, uliobuniwa na Will Wright. Humo mchezaji huanza na kiumbe kidogo majini, akakikuza hata kikapata miguu, kabila na chombo cha kusafiria angani. Mchezo huu hupendeza, lakini una ila: mchezaji ndiye achaguaye mdomo, pembe na mkia, akaviweka apendapo. Katika maumbile hakuna kiumbe kilichojichagulia mkia. Mabadiliko madogo hutokea kwa bahati katika uzazi; yafaayo hudumu, yasiyofaa hutoweka, kizazi baada ya kizazi. Uhuru uliowekwa kwa ajili ya raha umelifukuza fundisho.

Wa pili ni Foldit, kazi ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mchezaji hupewa protini, mfano wa uzi mrefu, aikunje mpaka itulie. Aweza kuitikisa, kuivuta, na kuifunga kwa nyuzi za mpira. Sehemu zisongamanazo huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Alama hazitolewi kwa hisani: kadiri nishati ya umbo inavyopungua, ndivyo alama zinavyozidi, kwa kuwa ndivyo protini itafutavyo utulivu mwilini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wachezaji, wengi wao si wataalamu, walitoa kwa muda wa wiki tatu mfano uliofichua umbo la protini moja ya virusi vya kima, umbo lililowashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka 10.

Basi kila zana mpya ya kuongezwa mchezoni na ipimwe kwa swali moja: mchezaji akishinda kwayo, atakuwa ameamini kweli au uwongo? Mapambo yafuate nyuma. Asali haikatazwi katika dawa, ila isishike mahali pa dawa.