Damu Ipo, Imepungua

Chuo cha sayansi za afya kilichopo Kolandoto, jirani na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, hupokea vijana ambao wengi wao walizungumza Kisukuma nyumbani, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakakutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Kama ilivyo katika vyuo vyote vya afya nchini, huko huongezewa lugha ya nne bila hata kutajiwa jina lake: Kigiriki. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, na jambo hili hunikera.

Sehemu kubwa ya Kigiriki hicho imo katika herufi moja. Kiambishi "a", ambacho huwa "an" kikitangulia irabu, hukanusha kinachofuata. "Apnoea" ni kutopumua; "anuria" ni kutokuwa na mkojo. Mwanafunzi aliyeelezwa hili kwa dakika tano huacha kukariri maneno mengi mojamoja.

Hata hivyo, ukanushi huo una mtego wake. "Anaemia", ukilichukua neno sisisi, ni kukosa damu. "Asphyxia", neno la kila siku katika chumba cha kujifungulia kwa mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua, asili yake ni kukosa mapigo ya mshipa. Ilhali moyo wa mtoto huyo mara nyingi bado unapiga, na ndiyo maana mkunga hukimbilia kumpa pumzi. Tabibu wa Ulaya aliazima "hakuna" ya Kigiriki akaitumia hata pale palipostahili "haitoshi".

Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo kwa nomino. Tunakanusha vitenzi, kwenye nomino tunalazimika kuchagua: ukosefu au upungufu? Waliochagua "upungufu wa damu" walikuwa makini kuliko Wagiriki wa kuazimwa. Muuguzi akitafsiri haraka kwamba mtoto "hana damu", na mama akamfikishia bibi kwa Kisukuma, "nduhu", yaani hakuna, familia husikia kifo. Akisema damu imepungua, huuliza itaongezwaje.

Neno linaloniogopesha zaidi ni "afebrile", asiye na homa. Ni chotara: kichwa cha Kigiriki, mwili wa Kilatini. Lakini herufi "a" katika Kiingereza husimama pia peke yake mbele ya jina, ikionyesha kitu kimoja tu. Hivyo "a febrile child" ni mtoto mwenye homa, na "afebrile child" ni mtoto asiye nayo. Kinachowatenga ni nafasi isiyozidi upana wa punje ya mtama, katika faili lililoandikwa kwa mkono saa nane za usiku, kwenye mkoa ambao malaria haijaisha.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari na kuendelea. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mahakama zilipata sheria ya kuzipa Kiswahili mwaka 2021, kwa hoja kwamba mshtakiwa anapaswa kuelewa anachohukumiwa. Sijasikia hoja yoyote ya kumnyima mgonjwa haki hiyohiyo. Wala sidai vitabu vya Kiingereza vichomwe. Wanafunzi wangu wanavihitaji. Nadai, kwa kuanzia, kwamba kwenye faili la mtoto paandikwe "hana homa".