Mashini ikikataa kufunguka, okoa faili kwanza

GOMA – Kwa familia nyingi zilizokimbia vita, kompyuta ya zamani ndiyo kabati iliyobaki: ndani yake mna picha za marehemu, diploma ya mtoto, karatasi ya shamba. Siku taa inawaka lakini mashini haifunguki, fundi mwenye haraka husema: “Mama, tuweke Windows upya.” Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu kufomati diski huondoa vyote.

Mara nyingi ugonjwa ni mdogo. Saa ikirudi miaka ya nyuma kila mara, huenda betri ya duara iliyo ndani, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ikibadilishwa, fundi aangalie BIOS, maana mipangilio ya diski huweza kupotea pamoja nayo.

Mashini ikiandika kwamba haioni mfumo, flashi zote zitolewe, kisha iangaliwe kama BIOS inaona diski. Ikiiona, iwashwe kwa flashi yenye Linux bila kuisimika, na faili zinakiliwe kwenye diski ya nje. Lakini diski ikigonga-gonga, mashini izimwe mara moja.

Baada ya hapo ndipo mfumo uwekwe upya. Mashini ya biti 32 haikubali mfumo wa biti 64. Betri ijazwe kwanza, maana umeme ukikatika katikati, kazi inaharibika.

Windows hupatikana tena. Picha ya marehemu haipatikani.