CD ya Kaka Yafika Warsaw

Mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika nilibeba sweta mbili, kahawa ya Moshi kwa ajili ya wenyeji, na CD moja chakavu. Juu yake kaka yangu ameandika kwa maka peni: SIM CITY 2000, USIGUSE. Aliinunua Kariakoo mwaka 1999, kwenye meza ya mtu mtaa wa Msimbazi, kopi ya kopi. Tulijenga nayo miji yenye treni za chini ya ardhi, huku bomba la kwetu Magomeni likitoa upepo.

Kilichonipeleka Poland ni semina ya siku nne ya mahesabu, haina cha kusimulia. CD niliibeba kwa sababu GOG, duka la mtandaoni linalouza gemu za zamani zikiwa zimewekwa sawa zicheze kwenye mashine za leo, ni la Warsaw, nami nilijipa tamaa ya kijinga kwamba nitaliona kwa macho.

Baridi ya Februari kule huanzia puani. Ukishuka kwenye tramu katikati ya mji unapokelewa na Jumba la Utamaduni, mita 237 kwenda juu, zawadi ya Wasovieti iliyokamilika 1955. Wenyeji hulisema vibaya, na bado hulipiga picha.

Jumamosi mwenyeji wangu, fundi wa mitandao mwenye mvi, alicheka niliposema natafuta duka. Halina mlango, akaniambia, ila twende nikuonyeshe lilikozaliwa.

Tukaenda mtaa wa Grzybowska. Leo pamejaa maghorofa ya vioo. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kila wikiendi, shule moja ya mtaa huo iligeuka soko la kompyuta, na yeye alikuwa akifika na disketi tupu mfukoni, akirudi nazo zimejaa. Si wizi, alisisitiza bila kutabasamu: sheria ya hakimiliki yenye kuzilinda programu za kompyuta imekuja 1994. Mwaka huohuo vijana wawili waliokuwa wakiuza gemu sokoni hapo, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, wakafungua kampuni, CD Projekt. Sasa utauza nini, na jirani yako anauza kopi kwa bei ya kutupa? Walipoleta gemu ya Baldur's Gate mwaka 1999 waliitia Kipolandi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti za waigizaji ambao kila nyumba inawajua, na ndani ya boksi wakaweka ramani. Watu wakanunua. GOG, waliyoianzisha mwaka 2008, imetokana na hesabu hiyohiyo ya kumpa mnunuzi zaidi ya kopi: ukishalipa, gemu haina kufuli, unaihifadhi popote upendapo. Nikiwa pale, vidole vimekufa ganzi, niliikumbuka meza ya Msimbazi na kumwonea wivu mtu wa Grzybowska.

Usiku hotelini nilichomeka kisomeo cha CD cha kuazima. Windows ikanijibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Gemu ya 1993 iliandikiwa DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, na Windows za biti 64 zimeshaacha kuipokea. Hata zingeipokea, baadhi ya gemu za enzi hizo zilipima muda kwa kasi ya prosesa. Kwenye mashine ya leo zingekwenda mbio hata usione kilichokuua.

Basi nikainunua GOG, kwa bei isiyozidi sana bakuli la barszcz, ile supu yao nyekundu ya bitiruti. Au nilijaribu kununua. Kadi ilikataliwa mara mbili. Benki yangu ilishtuka kuona mtu wa Magomeni analipa Poland saa nne usiku. Simu ya kuwatuliza ilinigharimu zaidi kuliko gemu yenyewe.

Faili lilishuka kabla maji ya chai hayajachemka. Ndani yake, pamoja na gemu, wameweka DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani: prosesa yake, kadi yake ya sauti, DOS yake. Gemu inadanganywa kwamba bado ni miaka ile. Ikikimbia mno unabonyeza Ctrl na F11, inapunguza mwendo. Kwa hiyo nilicholipia si gemu, maana gemu ninayo tangu 1999. Nimelipia jasho la aliyekaa kuirekebisha mpaka ikakubali.

Nikaanza mji mpya. Umeme kwanza, kisha nikashuka chini ya ardhi kulaza mabomba. Yanayopata maji hugeuka buluu yenye kumetameta, moja baada ya jingine, na nilikaa nikiyatazama muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote Warsaw. Nikapiga picha ya kioo, nikamtumia kaka kwenye WhatsApp.

Kule Dar ilikuwa usiku wa manane, lakini alijibu papo hapo:

"CD yangu iko wapi?"