Mzigo wa Safari

Zamani Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Mpagazi wa njia ile hakuchukua kila alichokipenda. Alichukua alichoweza kukibeba, kikafungwa vema, ili akiugua njiani mwenziwe akipokee. Hekima hiyo haikufa pamoja na misafara. Yatakiwa hata leo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa watu waandikao amri za kompyuta.

Ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki hawajui mipaka, lakini majina yao na hesabu zao zaijua. Dagaa wa Kigoma ni ndagala Bujumbura na kapenta Mpulungu. Tanzania na Zambia sehemu za kilo hutengwa kwa nukta. Burundi na Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, hutengwa kwa mkato. Na afikiriwe kijana wa Kigoma aliyepewa orodha za samaki waliovuliwa pande zote nne, azijumlishe.

Zana anazo, nazo ni kongwe. Grep huchuja mistari itakiwayo, sed hubadili maneno, sort hupanga, na awk, iliyoundwa Marekani mwaka 1977, huukata mstari kwa safu na kujumlisha. Kila moja ina kazi yake, na itoacho moja hupokewa na nyingine, kama ndoo za maji zipitazo mkono kwa mkono. Amri hizo zikiandikwa katika faili moja huwa skripti, nayo hurudia kazi ileile kila mwezi pasipo kuchoka.

Lakini asiyechoka aweza pia kukosa bila kuchoka. Awk itazamiayo nukta ikikuta 12,5 husoma 12, ikaendelea na safari yake. Hailalamiki wala haisimami. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza: mistari 1,000 ikipoteza nusu kilo kila mmoja, kilo 500 zimetoweka bila mwizi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Uamuzi wa namna hiyo hugusa chungu cha kila nyumba ya mvuvi. Hesabu pungufu haistahili kuketi katika baraza lake.

Basi mwandishi mwangalifu hugeuza mikato kuwa nukta, na ndagala na kapenta kuwa dagaa, kabla ya kujumlisha. Mwanzoni mwa skripti huandika export LC_ALL=C, ili mpango wa herufi na alama ya sehemu visifuate desturi ya kila mashine. Tena hujifunga kwa kanuni ya POSIX, ambayo tangu mwaka 1992 imezieleza zana hizi. Huiacha sed -i, kwa kuwa Linux na Mac haziielewi kwa namna moja. Huandika matokeo katika faili jipya. Huchagua printf badala ya echo, ambayo tabia zake ni nyingi.

Ujana hupenda mapambo, na amri ngumu humpa mwenyewe sifa mbele ya wenzake. Lakini kijana huyo atahamishwa, mashine yake itakufa, na orodha zitaendelea kuja. Skripti itiiyo mashine moja tu ni mzigo uliofungwa kwa bega la mtu mmoja: akianguka njiani, nao hulala hapo hapo.